Kioo cha Mbodze

Kioo changu cha kulia kilivunjika Gongoni.
Cha kushoto nilikiuza mwenyewe, mwezi wa njaa.
Tangu hapo sijui kilicho nyuma yangu.
Pikipiki haiulizi. Inajua mbele tu,
na mbele kuna deni la chama, kila Ijumaa.

Mbodze alinisimamisha Malindi, nyuma ya soko,
na kioo kirefu kumpita,
pembe nne amezivisha leso, uso wazi.
"Fundi wa cherehani asiye na kioo," akasema,
"ni muongo wa kijiji kizima.
Miaka tisa nawaambia wanawake wamependeza.
Sasa wajionee."

Tukabishana. Mia saba, nikasema, hadi ng'ambo ya Nyari.
Mia tano, akasema, na soda.
Akapanda kinyume, mgongo wake kwenye mgongo wangu,
amekikumbatia kama mgonjwa wa homa,
ubao shavuni mwake, uso wa kioo
ukitazama tulikotoka.

Mambrui ikapita ndani yake, sikuiona.
Marikebuni. Lami ikaisha kama maneno ya mlevi.
Mchanga mwekundu ukaanza kutula miguu.
Mtoto wa mbuzi, yaani mchungaji, si mbuzi,
alijiona anaondoka juu ya pikipiki.
Akajifukuza hadi pumzi zikamwisha.
Nilisikia nyayo zake tu. Nikadhani anatutania.

Mvua ya juzi ilikuwa imeimega barabara kubwa.
Ikabaki ile ya mbuzi, juu ya mgongo wa Nyari,
nyembamba, kushoto mteremko wa miba,
kulia hakuna.
Kulia ni nguzo za udongo zilizosimama huko chini,
nyeupe, waridi, rangi ya hina iliyokauka mkononi,
kimya, kama watu walioambiwa wangoje
na aliyewaambia akasahau.

Gia ya kwanza. Klachi nusu.
Upepo ukatoka korongoni, ukakipiga kioo
kama mlango wa bati usio na komeo,
pikipiki ikainama, nikaiinua,
ikainama tena.
"Uko?" nikauliza.
"Niko. Nyamaza uendeshe."
Nikanyamaza. Nikaendesha.
Sikufikiri kitu. Nakumbuka bomba likinichoma
kifundo cha mguu, na mimi nikiliachia linichome.

Chini ya mkilifi tukasimama.
Alishuka, akaupigapiga mguu uliokufa ganzi,
akanigeuzia kile kioo. "Hebu tazama. Una meno mekundu."
Kweli. Meno, kope, tundu za pua.
Nikacheka, halafu jicho likapita begani,
likaenda nyuma, kwenye njia.

Alama ya tairi letu ilikuwa uzi,
umeshonwa ukingoni kabisa,
shubiri moja, pengine pungufu.
Na mahali pamoja uzi umekatika:
ukingo umeanguka baada yetu,
alama yetu imeanguka nao,
vumbi lake bado linapanda.

Sikuogopa nilipokuwa napita.
Niliogopa nilipojiona nimepita.
Magoti yakaanza kazi yao wakati kazi imekwisha.

Mbodze naye akachungulia.
Akaikaza leso kwenye pembe, taratibu.
"Kumbe," akasema, "mia saba ilikuwa haki."

Dukani kwake walikuwa wanangoja sita.
Nyevu, mke wa Thoya, akatangulia,
akasimama mbele ya kioo na rinda lisilo na vifungo bado,
akajigeuza, akajigeuza tena.
"Huyu," akauliza, "ndiye mnayemwonaga?"
Hakuna aliyejibu. Soda ilikuwa ya moto. Nikainywa.

Nilirudi kwa njia ya kuzunguka,
mafuta ya mia mbili zaidi, giza limeshaingia.
Ijumaa Jumwa, mweka hazina, alihesabu mara mbili:
"Mbona pungufu?"
Nikamwonyesha usukani. Kioo cha mtumba,
cha kushoto tu, kina ufa katikati.
Ndani yake barabara ni mbili.
Zote zinanifuata.